Velveti ya Kwaya ya Luanda Kotieno

Jumamosi ya juzi nilisimama kando ya jeneza la Mama Risper, kipaza sauti mkononi, nikamsifu dakika kumi nzima, na watu wakanipigia makofi. Walinitambulisha kama mwalimu wake. "Huyu Mzee ndiye Masta aliyemfunza mama yetu kukata nguo," mwenye kuendesha shughuli alitangaza, na kina mama wa kwaya wakageuka kunitazama kwa heshima, nami nikainua mkono kama mbunge. Nilisema alikuwa na bidii. Nilisema alikuwa na jicho. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba raha ya mwalimu ni kuona mwanafunzi amempita. Jambo moja tu sikulisema, na hilo ndilo nililokuwa nimelibeba kutoka Kisumu hadi Luanda Kotieno asubuhi ile: kwamba zaidi ya miaka arobaini iliyopita mama huyu aliniuliza swali la kazi, nikamnyima jibu makusudi, kisha nilipohojiwa mbele yake nikasema nilimjibu. Nina miaka sitini na saba. Mzee mzima na mvi zangu, na bado niliogopa watu wa mazishi.

Kwaya yenyewe ilivaa velveti. Wenzangu walisikia nyimbo, mimi nilitazama nguo, maana jicho la mkataji halina adabu hata matangani. Majoho yalikuwa ya ile rangi tunayoiita damu ya mzee, na kila joho manyoya yake yalilala upande mmoja, kutoka begani hadi kwenye pindo, mbele na nyuma, mikono yote miwili. Risper, bintiye, ambaye sasa mwenyewe anakaribia miaka sitini, alininong'oneza kwamba mama yake aliyakata kwa mkono wake akiwa amepita miaka sabini. "Kazi safi," nilimwambia. Baadaye niliketishwa kwenye meza ya wageni wa heshima, nikawekewa ugali na samaki mzima, ngege mwenye mchuzi mzito. Basi nimeona niandike habari za mwaka ule, kwa kuwa mdomo ulishindwa.

Duka la Bwana Ramesh lilikuwa mjini Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na lilishona yunifomu za shule, suti za harusi na chochote ambacho makanisa yaliagiza. Mafundi wa cherehani walikaa barazani, sita kwa mstari, wakipigwa na vumbi na maneno ya wapita njia. Mkataji alikaa ndani. Katika maduka ya namna ile mkataji aliitwa Masta, na mwaka ule Masta nilikuwa mimi, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye chumba changu, meza yangu ndefu kama mlango wa godauni, mkasi wangu mzito ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa, na vipimo vya karatasi ya kaki vilivyoning'inia kwenye misumari ukuta mzima. Kulikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, kalenda yenye picha ya mungu wa kina Ramesh amevishwa shada la maua ya plastiki, na harufu ya pasi ya makaa isiyotoka hata siku ya Jumapili. Saa nne Mama Hansa, mke wa Bwana Ramesh, alileta chai ya tangawizi. Mama yule alizungumza Dholuo cha kutukana kuliko mafundi wote, na kama chai imebaki kikombeni angekuuliza kwa Dholuo hicho hicho kama mama yako alikunyonyesha asali. Mafundi walinywea barazani. Mimi niliwekewa yangu mezani, kwenye sahani yake, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kuna sababu.

Sharti nieleze jinsi Masta alivyopatikana, si kujitetea, bali ieleweke. Mkataji hakufunzwa, aliiba. Masta aliyenitangulia alinionyesha suruali na shati, lakini ilipofika kola ya koti alinigeuzia mgongo, na mimi nikajifunza kola kwa kuchungulia chini ya kwapa lake. Ndivyo kazi ilivyorithishwa. Kila mmoja aliacha kitu kimoja ndani ya kifua chake, ili mwanafunzi asije akamtoa mezani. Velveti niliijua kwa kipigo: nilikata kipande cha mto wa kiti vibaya, yule mzee akanichapa na rula ya mbao, na hakunieleza kosa. Nilikaa na vile vipande vya mto juma zima, nikivipapasa, mpaka nikaelewa. Velveti ina manyoya, na manyoya yanalala. Ukipitisha kiganja upande mmoja ni laini, ukirudi nyuma inakwaruza. Vipande vya nguo moja vikilalia pande tofauti, kwenye mwanga vinaonekana rangi mbili. Ni jambo la kusema kwa pumzi moja. Lingenigharimu pumzi moja tu.

Mama Risper alikuwa fundi wa barazani, wa kushona pindo na vifungo, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya kiume. Mwanzoni mwa mwaka aliingia chumbani kwangu na kikombe chake cha chai, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kulifanya, akasimama upande wa pili wa meza. "Masta," akasema, "mimi nataka kujua kukata." Nilicheka. Nilicheka mpaka wale wa barazani wakachungulia. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mama, hujui samaki hukunjwa angali mbichi?" Kijana wa miaka ishirini na minne, namwambia mtu wa rika la mama yangu! Hakukasirika. Alikunywa chai yake, akasema, "Hiyo ni maneno ya watu hawapiki. Obambla unaijua? Samaki amepasuliwa, amekaushwa na jua mpaka amekuwa ubao. Mimi nikimloweka kwa maji, anakunjika vile nataka, anaingia kwa sufuria. Wewe nifunze. Kuloweka nitajiloweka." Barazani walimshangilia, Mama Hansa naye akapiga makofi kwa kuwa alipenda kunisikia nikijibiwa. Kwa aibu nikasema haya, njoo saa ya chakula.

Nikiri pia kwamba miezi ile ya kwanza nilimfunza vizuri, na nilifurahi. Saa saba wengine walipokwenda kula, yeye aliingia na sufuria yake ndogo. Tulikula kwanza, nyoyo siku nyingi, mahindi na maharage ya kuchemsha, na siku za kipato obambla yake iliyopikwa kwa maziwa, tukisukumia vitambaa mbali ili visinuke. Kisha alishika chaki. Alikuwa na tabia moja iliyonikera wakati ule na ambayo leo naitamani: hakuona haya kutojua. Aliuliza. "Hapa mbona umepinda?" "Hii nafasi ya mshono ni ya nini, na mtoto akinenepa?" Alinikosoa mara moja kuhusu sketi za wasichana, akasema ninazikata kama mtu asiyewahi kukaa chini na sketi, na alikuwa na haki. Nilimfunza jambo nililojivunia kuliko yote, kubana kitambaa: unapanga vipande kichwa kwa mguu, kimoja kinatazama juu, kinachofuata kinatazama chini, vinaingiliana, na mabaki yanakuwa ya kujaza kiganja tu. Kwa vitambaa kama kaki na tetroni hakuna ubaya. Alilishika hilo siku moja, na baada ya mwezi alikuwa anabana kuliko mimi. Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu, na alitabasamu siku nzima.

Kilichoniharibu ni maneno yasiyokuwa yangu. Kati ya chumba changu na duka kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na siku moja alikuja mwalimu mkuu wa shule fulani kuagiza sketi na blauzi za wasichana. Nilimsikia Bwana Ramesh akimwambia, "Hizi zako atakata yule mama. Mwaka kesho mimi nampa yeye meza." Mwalimu akauliza, na Masta je? Bwana Ramesh akasema, "Masta ana mkono. Mama ana mkono na masikio." Wakacheka, wakaendelea na habari za vifungo. Mimi nilibaki nimeshika mkasi. Maneno yale hayakuwa mabaya, Ramesh alikuwa akimsifu mfanyakazi wake, na duka lilikuwa na kazi ya kutosha meza mbili. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, kwamba nina mkono na sina masikio, na badala ya kujiuliza kama ni kweli, nikaanza kumchukia mama aliyekuwa akinilisha. Wivu, basi. Nimelitafutia jina lingine miaka mingi na halipo.

Mwezi wa saba kwaya ya kanisa la kwao Mama Risper, kule Luanda Kotieno, ilikuwa inafungua jengo jipya, na yeye ndiye aliyewaleta dukani. Wajumbe watatu wa kwaya walifika wamevaa vitenge vya Jumapili siku ya Jumanne, wakakaa kwenye benchi, wakanywa chai ya Mama Hansa, wakachagua velveti ya damu ya mzee. Majoho ishirini na manne. Mmoja wao alimshika Mama Risper mkono, akamwambia kwa Dholuo kwamba siku hiyo hata wale waliomcheka kuanza shule uzeeni watamwona. Bwana Ramesh akasema mbele yao, "Atakata yeye mwenyewe." Kisha akasafiri kwenda Nairobi kwa mambo ya mzigo, akaacha duka kwa mkewe na meza kwangu.

Asubuhi ya kukata, Mama Risper alinawa mikono kama daktari. Alikunjua velveti mezani, akaweka kiganja juu yake, akakiondoa. Kuna kitu alikihisi, nina hakika. Mimi nilikuwa ncha nyingine ya meza nakata kaki. Akasema, "Masta, hii kitambaa iko na maneno ambayo mimi sijui?" Aliuliza hivyo hivyo, wazi, ananitazama usoni. Kawaida akiuliza niliweka mkasi chini, nikaenda upande wake, tukainama pamoja. Siku hiyo sikuuweka. Niliendelea kukata, nikasema bila kuinua kichwa, "Kitambaa ni kitambaa, Mama." Akasema, "Haya, asante." Nilimwona akipanga vipande kichwa kwa mguu, vizuri mno, kama nilivyomfunza, akiokoa kila inchi ya kitambaa cha kanisa lake. Nilimwona siku nzima. Nilikuwa na nafasi ya kusema alipochora joho la kwanza, nilikuwa na nafasi alipolikata, nilikuwa na nafasi saa ya chakula, tulipokula pamoja na akanipa kipande cha tumbo cha samaki, kile ambacho mtu hampi mtu ovyo.

Mafundi walishona barazani kwa ndani-nje, kama kawaida, na ni siku ya kupiga pasi tu ndipo majoho yalipogeuzwa na kutundikwa kwenye waya, jua la saa nne likiyapiga. Bwana Ramesh alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Barazani Mama Hansa akamaka, "Yawa!" Nikatoka. Kila joho lilikuwa la watu wawili. Bega moja damu ya mzee, lingine limepauka kama kitu kilichosahauliwa uani, mkono mmoja mweusi, mwingine unang'aa. Ishirini na nne, yananing'inia, upepo wa ziwani unayageuza ili kila mpita njia aone vizuri. Mama Risper alikuwa amesimama chini yake, ameshika pindo la joho moja, analipapasa juu, chini, juu, chini. Alielewa pale pale kwa kiganja, bila kuambiwa, jambo lililonichukua mimi juma zima.

"Nani amekata hii?" Bwana Ramesh aliuliza, ingawa alijua. "Ni mimi nimekata," akasema Mama Risper. Bwana Ramesh akanigeukia. Hakuwa mtu wa kupayuka, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Masta, wewe hukumwambia habari ya velveti?" Wote walinitazama, mafundi wengine, Mama Hansa na birika lake, na Mama Risper mwenyewe. Nikasema, "Nilimwambia." Neno moja, halikunikwama hata kidogo. Mama Risper alinitazama. Sikuona hasira usoni pake. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama kiti alichokikalia miaka na leo kimevunjika. Halafu akamgeukia Bwana Ramesh, akasema, "Kama Masta anasema aliniambia, basi aliniambia. Labda kichwa yangu ndiyo imezeeka." Aliingia ndani, akakunja futi yake ya kupimia, akaiweka mezani kwangu karibu na mkasi, akaenda. Hakufukuzwa, Bwana Ramesh alimfuata mpaka barabarani akimwita. Sufuria yake ya obambla ilibaki jikoni kwa Mama Hansa. Saa saba tuliipakua, tukala. Mimi pia nilikula, na nilimaliza.

Kwaya ilifungua kanisa na nguo zao za zamani. Nilisikia, maana habari za pwani ya ziwa hutembea, kwamba kule nyumbani walimpachika jina Fundi wa Rangi Mbili, na kwamba kwa miaka kadhaa aliuza samaki pale feri ya kwenda Mbita inapotia nanga, hakugusa mkasi. Kisha nikasikia amerudi Kisumu, amejifunza upya kwa mwanamke mmoja, akiwa zaidi ya hamsini. Kisha amefungua duka Nyamasaria. Kisha ana mafundi wanne, kisha tisa. Kutoka Kibuye hadi Nyamasaria hata mguu unakufikisha, na miaka yote hiyo sikwenda. Kila mwaka niliongeza sababu. Kazi nyingi, mvua, goti. Na mimi je? Mimi nilibaki Masta. Duka la Bwana Ramesh lilipofungwa nilihamia kibanda, na zilipokuja mashine mpya nikasema hizo ni za wasioweza kazi ya mkono, na vilipokuja vitambaa vya kuvutika nikasema hizo ni soksi, si nguo. Vijana waliponiambia, Mzee, njoo tukuonyeshe, nilisema Masta hafunzwi. Leo napunguza suruali za mitumba. Nilimfungia mlango mama mmoja, nami nikabaki ndani.

Juzi Alhamisi, baada ya siku tano za kutolala vizuri, nilikwenda Nyamasaria. Duka ni vyumba viwili vilivyounganishwa, madirisha makubwa, redio chini chini, wanawake tisa na wanaume wawili, hakuna baraza na hakuna ndani, wote wamekaa pamoja. Risper alikuwa kwenye meza ya kukata. Aliniletea kiti na chai, akasema, "Karibu Mzee, karibu Masta wa Mama," nikakaa nisijue pa kuanzia. Msichana mmoja akaita kutoka pembeni, "Auntie, hii zipu inakataa." Risper aliweka mkasi chini, akaenda, akainama naye, akarudi. Kidogo tu fundi mwanamume akauliza jambo la kola, na yule aliyekuwa karibu naye akaweka mkasi chini vile vile, akamfuata. Ilikuwa kama desturi ya kanisani. Nikauliza, "Mbona kila mtu anaweka mkasi?" Risper akasema, "Ni sheria ya Mama. Ukiulizwa, mkasi chini kwanza, halafu jibu. Anayejibu huku anakata anarudishwa nyumbani siku hiyo."

Nikasema basi. Nilisema yote, kaki niliyokuwa nakata, maneno yake, yangu, jua la saa nne, "nilimwambia," mpaka sufuria. Cherehani zikasimama moja moja mpaka nikawa naongea kwenye kimya. Risper alisubiri nimalize. "Tunajua, Mzee," akasema. "Kila mtu akiingia hapa kazi, Mama alimwambia hiyo hadithi kabla hajapewa sindano. Ile sheria ni yako." Nikamuuliza, karibu kwa ukali, sasa kwa nini waliniita niseme mazishini, hali walijua nilichofanya. Alipapasa kitambaa kilichokuwa mbele yake. "Alituachia neno. Alisema, mwalimu wangu msimnyime nafasi ya kusema." Nafasi nilipewa, kipaza sauti kikatiwa betri mpya kabisa, na nikaitumia kujisifu.

Nilipaswa kuondoka. Chai ilikuwa imepoa, na ningetembea mpaka stendi nikiwa nimesema, angalau nimesema. Lakini juu ya meza mbele ya Risper kulikuwa na velveti, damu ya mzee ile ile, agizo la kwaya nyingine. Nikanyoosha mkono bila kufikiri, nikapitisha kiganja, laini, nikarudisha, ikakwaruza. Kisha ikavutika. Ilinifuata vidole ikarudi, kitu ambacho velveti niliyoijua mimi haifanyi. Mkono wangu wote wa Umasta haukujua ufanye nini na kitambaa kile. Risper alikuwa ameanza tena kukata. Mafundi walikuwa wamerudia kazi zao, ila yule msichana wa zipu aliyekuwa bado ananitazama.

"Risper," nikasema. "Hii kitambaa iko na maneno ambayo mimi sijui?"

Akaweka mkasi chini.